Taa Aliyoiona Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na leo ni nyingi kuliko kawaida, maana mtu mwenye kosa hana uchoyo wa salamu. Shemeji mpe zake, na wapwa zangu waambie mjomba wao yupo na anawakumbuka. Vipi mgongo wako? Na zile zamu za usiku, wamekupunguzia kama walivyoahidi au ni yale yale maneno ya mabosi? Huku kwa Baba, Shangazi ni mzima, asubuhi anakohoa kidogo, analaani vumbi, siku inaendelea. Mke wangu anakusalimu sana. Kwa upande wangu, desturi ya barua inataka niandike kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mwili ni mzima kweli. Hofu safari hii iko huku kwangu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nimejaribu kukupigia, Dada. Kila ukipokea na kuniita mdogo wangu kwa ile sauti yako, ulimi unakuwa mzito, naishia kukuuliza hali ya hewa. Ndiyo maana juzi nilikuuliza mara mbili kama kwenu kuna baridi, ukacheka ukasema nimeanza kuzeeka. Karatasi haina sauti, haiwezi kunilegeza. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea: tiketi ya kuja kumchukua Baba usiikate kwanza, na yule mtu anayetaka kupanga nyumba yake nimeshamwambia asubiri. Soma hadi mwisho. Ukitaka kuichana barua hii, basi ichane ukishamaliza.

Nianze na gari, maana mambo yote yametokea humo. Ulipomnunulia Baba lile gari dogo baada ya kustaafu, ulikuwa umeshaondoka, hukuona alivyolipokea. Mtu aliyeendesha malori ya kampuni ya unga maisha yake yote, alilizunguka kimya kimya, akafungua boneti, akafunga, akasema ni gari zuri ila milango yake inalia kama sahani. Basi ndiyo ikawa kuoa. Kila jioni akirudi analifuta vumbi, anafungua boneti na kuhangaika humo kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuuliza ni la nini, kisha analifunika turubai. Ufunguo anaingia nao ndani, anakula nao mfukoni. Shangazi alikuwa akilalamika kwamba kaka yake ameleta mke mwingine bila kumtaarifu mtu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Baba alikuja gerejini kwangu asubuhi moja. Alisema jana yake jioni, akipandisha kilima cha kwenda nyumbani, pale kwenye kona ya kushoto karibu na tangi la maji, taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi. Ilibaki inawaka mpaka alipofika uani. Asubuhi alipowasha gari, haipo. Nilipangusa mikono, nikaleta ile mashine ya kupimia magari, ile niliyokusimulia hadi ukachoka, mafundi wenzangu wanaiita Profesa. Nikaichomeka chini ya usukani, ikasoma, ikasema hakuna hitilafu yoyote. Nikamwambia Baba gari ni zima. Akashukuru, akaenda zake.

Siku si nyingi akarudi na maneno yale yale. Jioni, kilimani, kona ya kushoto, taa. Asubuhi imezimika. Profesa akaulizwa, Profesa akasema hakuna kitu. Akarudi tena. Nikaliendesha mwenyewe kidogo kwenye barabara ya mbele ya gereji, ambayo unaijua ilivyo tambarare, tena huku naongea na mteja kwenye simu, nikarudi nikasema sijaona taa. Baba akaniomba niende naye jioni hadi kilimani nikaone kwa macho yangu. Hakuomba kingine, Dada. Alitaka nikae kando yake tupande kile kilima pamoja. Nami nikamjibu, tena mbele za watu, kwamba siku hizi gari halifuatwi kilimani, linaulizwa na mashine, na mashine haina sababu ya kusema uongo. Yule fundi bodi mnene, mwenye utani usiopimwa, akaanza kumwita Mzee Taa. Wote walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo huo! Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Baba alijaribu kutafuta shahidi. Jioni moja alimwonyesha Shangazi taa hiyo walipokuwa wanatoka sokoni. Shangazi, unamjua, alisema yeye anaona taa nyingi humo, nyekundu na kijani na za kila rangi, na kama moja yao ni mbaya basi azizime zote alale. Huo ndio ushahidi aliouleta gerejini. Nilicheka tena.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa ile alipokuja nikiwa na mwenye magari ya kukodisha. Huyu bwana ana magari mengi na nilikuwa natamani awe mteja wangu wa kudumu. Nilikuwa nimesimama naye, najieleza kwa Kiswahili cha redioni, mara Baba huyo, na kofia yake, anaanza moja kwa moja habari za kona na tangi la maji. Yule bwana akamsikiliza kwa adabu, kisha akanigeukia kuniuliza tatizo la gari la mzee ni nini. Nikaona aibu. Nilimwonea aibu baba yangu mzazi, aliyekuwa amevaa shati alilopiga pasi ili aje kunipa taarifa ya gari. Nikamshika yule bwana bega, nikamsogeza kando, nikamwambia kwamba gari halina tatizo lolote, ila mzee macho yameanza kumpotea na akili nayo inatangatanga kidogo. Sikusema kwa sauti ya chini vya kutosha. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshavua kofia, ameishika mkononi, ananitazama.

Neno likishatoka, Dada, halirudi kinywani. Nililisema ili nijiokoe mimi na Profesa wangu, lakini nikishalisema ilinibidi liwe kweli. Nikaanza kuokota ushahidi. Aliniita kwa jina la Baba Mdogo. Alitafuta miwani iko kichwani. Alitia chumvi kwenye chai. Nani hajawahi? Mimi wiki iliyopita nimetafuta spana niliyoishika. Lakini nikayakusanya yote nikakuandikia, na nikakupigia, na wewe ukalia. Ukasema tumpeleke kwa daktari. Tukampeleka. Yule daktari alimuuliza Baba tarehe, akamuuliza siku, akamwomba arudie maneno kadhaa kinyumenyume, na Baba kwa hofu alikuwa anajibu huku ananitazama mimi, kama mtoto anayesaidiwa hesabu. Daktari alisema kwa umri wake si vibaya kumwangalia kwa karibu na kumrudisha baada ya muda. Basi. Mimi nikakuandikia kwamba daktari amethibitisha. Hakuthibitisha chochote. Chumvi ya maneno hayo niliitia mimi.

Ndipo tukakaa kikao, mimi na Shangazi na Baba, na wewe ukiwa kwenye simu iliyowekwa mezani. Unakumbuka kwamba hakubisha. Kitu usichokijua, kwa sababu simu haionyeshi, ni kwamba alitoa ufunguo mfukoni kabla sijamaliza kusema, akauweka mezani, kisha akaenda chumbani akarudi na leseni yake ya udereva ndani ya ule mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya ufunguo. Leseni sikuiomba. Alisema ni afadhali, asije akagonga mtoto wa mtu. Leseni ile, maisha yake yote, haina doa.

Tangu siku hiyo Baba akawa mtu mwingine, na hapa ndipo roho inaniuma. Akaacha kusema jambo kwa uhakika. Mvua inanyesha, yeye yuko barazani mikono inalowa, anamuuliza Shangazi eti mvua inanyesha? Sufuria inafuka, anauliza kama maji yamechemka. Mtu akimpungia mkono kutoka mbali hamwitikii mpaka afike karibu, kwa hofu ya kumfananisha. Shangazi aliniambia anamsikia chumbani anajihesabia majina yetu, mimi na wewe na Mama marehemu, na tarehe za kuzaliwa. Tena ulipomwambia aje kuishi kwako, yeye aliyekataa miaka yote akisema nyumba yake hataiacha hadi atolewe amelala, alikubali kwa neno moja. Uliniambia kwenye simu kwamba alivyokubali upesi hivyo, ndiyo ujue kweli anaumwa.

Sasa Dada, kama umesimama, kaa.

Gari nililichukua mimi, nikawa nalilaza kwangu. Siku moja, jua bado liko juu, nilikuwa nampelekea Shangazi gunia la mkaa. Nikapandisha kilima, nikafika kwenye kona ya kushoto karibu na tangi la maji, na taa ikawaka. Ya njano, umbo la injini, palepale aliposema. Nilikanyaga breki katikati ya barabara hadi mtu wa nyuma yangu akanitukana, na alikuwa na haki. Taa haikuzima. Sikufika kwa Shangazi. Niligeuza, nikarudi gerejini wakati wenzangu wameenda kula, nikamchomeka Profesa, naye bila hata kusitasita akanitajia ugonjwa: waya wa sensa, kile kifaa kinachoipasha kompyuta ya gari habari za injini. Nikalala chini ya gari. Mpira mmoja unaoshikilia injini ulikuwa umekwisha, kwa hiyo gari likipandisha na kukata kushoto, injini inaegemea, inavuta waya, na waya ule umesuguliwa na chuma hadi umebaki uchi. Ukigusa chuma, taa inawaka. Ni ugonjwa ambao hata mwanafunzi wangu angeuona, kama angelala chini ya gari. Mimi sikuwahi kulala chini ya lile gari hata mara moja.

Lakini kwa nini Profesa hakuuona mwanzo? Hilo lilinikosesha raha. Nikaenda kwa Shangazi, nikazungukazunguka, mwishowe nikamuuliza yeye Shangazi kwamba Baba alikuwa anafanya nini kwenye boneti kila jioni. Akashangaa kwamba mimi fundi sijui. Alisema kaka yake alikuwa anachomoa waya wa betri, kama walivyokuwa wakifanya madereva wote wa malori ya zamani, ili betri ipumzike na mwizi apate taabu. Asubuhi anaurudisha. Dada, wewe hujui mambo ya magari, nikueleze: kompyuta ya gari ikikatiwa umeme, inasahau. Taa inazima na kumbukumbu ya kosa inafutika. Kila jioni Baba alikuwa anaona taa, na kila jioni, kwa mkono wake mwenyewe, kwa utunzaji wake mwenyewe, anaifuta. Asubuhi ananiletea gari lisilokumbuka kitu. Kwa hiyo aliyesahau ni gari. Baba hakusahau lolote.

Usiniambie basi nilikuwa sijui. Kuna mstari mdogo Profesa alikuwa akiuonyesha kila mara, kwamba kompyuta haijamaliza kujikagua. Fundi yeyote anajua maana yake: kumbukumbu imefutwa karibuni, uliza nani kaifuta. Niliuona mara zote. Niliupita kwa kidole, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua mwenye hitilafu ni nani.

Haya yote bado si ungamo langu. Ungamo ni hili. Siku niliyoiona ile taa ilikuwa kabla hujanipigia kuniambia umepata chumba cha Baba na umemnunulia kitanda. Ulilia siku ile, ukasema unashukuru Mungu kwamba mimi niko huku namwangalia. Nilikuwa nimeshajua. Mpira nilikuwa nimeshabadilisha, waya nimeshaufunga kwa utepe, taa imezima, na wewe unanishukuru, nami nikasema amina. Ulipaswa kuniuliza nini, hata nikwambie ukweli? Hukuwa na cha kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa na cha kusema, nikakimeza.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia nikisema, gereji yote itajua kwamba Mzee Taa alikuwa sahihi na fundi alikuwa mjinga. Yule mwenye magari ya kukodisha ameshaanza kuniletea magari yake, atasemaje? Wewe utasemaje? Mara nikajidanganya kwamba hata hivyo Baba ni mzee, kupumzika si vibaya, na kwako atapata hewa nzuri. Naona haya hata kuliandika hilo. Ndani ya kipindi hicho chote Baba alikuwa anafunga vitu vyake kwenye maboksi, na mimi nilikuwa namsaidia kufunga kamba.

Kilichonivunja ni jambo alilolisema tukiwa kwenye hayo maboksi. Aliniomba nimwahidi kitu. Alisema akienda kwako, wewe una huruma nyingi, utamficha. Kwa hiyo hali yake ikizidi kuwa mbaya, mimi ndiye nimwambie ukweli, nisimwonee huruma, maana yeye mwenyewe hawezi tena kujiamini na kati ya watu wote anaamini mimi simfichi. Dada, nilikaa juu ya boksi nikalia. Hapo hapo nikamweleza yote: kilima, waya, betri, Profesa, yote.

Unajua alifanyaje? Alinipigapiga goti. Alisema nina moyo mzuri kama wa marehemu Mama, na kwamba anashukuru, lakini yeye ni mtu mzima na hahitaji kubembelezwa kwa hadithi. Kisha akaniuliza kwa upole kama ile kamba nimeifunga vizuri. Nikaapa. Nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyonihurumia. Nilikuwa nimemfundisha kutoamini macho yake, na sasa amehitimu, hata ukweli wenyewe hauingii.

Nikafanya kitu ambacho hakuna fundi mwenye akili atakayekifanya. Nilikwenda gerejini, nikautafuta ule mpira mbovu kwenye pipa la vyuma chakavu, nikautoa mzima na kuurudisha mbovu. Nikabandua utepe kwenye waya, nikauacha uchi kama ulivyokuwa. Fundi bodi alinikuta chini ya gari akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia naharibu. Akadhani ni utani.

Jioni nikampelekea Baba gari, nikamwomba aendeshe. Akakataa. Nikasema uongo wangu wa mwisho, kwamba mguu unaniuma na Shangazi yuko sokoni anasubiri kuchukuliwa. Akakaa kwenye usukani kwa woga, ameukamata kwa nguvu, akajirekebishia kiti, akatazama vioo vyote, kisha tukateremka polepole kama tumebeba mayai. Sokoni nikamwambia Baba kwamba Shangazi ameshaondoka, turudi. Njia ya mwongo ni fupi, ila Baba hakuuliza. Tulipokaribia kilima mikono yake ilikuwa imetulia. Alibadilisha gia pale pale anapobadilisha siku zote. Tukafika kwenye kona, na taa ikawaka.

Alitazama barabara. Kisha akaniuliza, taratibu, kama na mimi naiona. Nikasema naiona, Baba. Akaniuliza ni ya rangi gani. Nikasema njano. Akaniuliza ina umbo gani. Nikamwambia. Aliniuliza moja moja kama yule daktari alivyomuuliza yeye, na mimi nilikuwa najibu huku namtazama usoni. Kisha akaniuliza nimeanza kuiona lini.

Nikamwambia, Dada. Siku yenyewe nikaitaja, ili asije akadhani ni juzi.

Akasogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akaniambia nishuke. Nilidhani anataka nifungue boneti. Nikashuka, nikafunga mlango, nikazunguka mbele. Akawasha indiketa, akatazama kioo cha nyuma na cha pembeni, akaondoka. Aliniacha pale kwenye tangi la maji na kilima kizima mbele yangu. Nilipanda kwa miguu hadi kwake nikakuta gari limefunikwa turubai na mlango umefungwa kwa ndani. Shangazi alinichungulia dirishani akanionyesha kwa mkono niende. Sijui nikuelezeje: aibu ilikuwa imenijaa hadi masikioni, na bado nilikuwa nataka kupiga vigelegele, maana yule aliyenishusha barabarani alikuwa baba yetu mwenyewe, yule wa zamani, asiyeomba ruhusa.

Sasa nikwambie la jana, ndiyo nimalize. Ng'ambo ya barabara yetu kuna fundi mmoja wa makamo, kibanda cha mabati, hana mashine yoyote. Sisi huwa tunamdharau kwa sababu ni mpole na hana haraka. Asubuhi nilikuwa nafungua gereji nikaliona lile gari ulilomnunulia Baba linapita mbele yangu bila kupunguza mwendo, likakata, likasimama kwake. Baba akashuka, shati amelipiga pasi. Nikamwona anaeleza. Mkono wake ulipanda, ukakata kushoto. Ugonjwa ule naujua hadi mahali waya ulipo, nimeurudisha kwa mikono yangu, na ningevuka barabara kuwaokolea asubuhi nzima. Sikuvuka. Yule fundi aliweka chini kikombe chake, akasikiliza hadi mwisho, akauliza kitu, Baba akamjibu, akauliza tena. Hakufungua boneti. Alifuta mikono, akazunguka, akaingia upande wa abiria, wakaondoka wote wawili kuelekea kilimani.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Shangazi anasema Baba atakupigia mwenyewe Jumapili. Akikuuliza kama ulijua, mwambie hukujua, maana ndiyo kweli. Akikueleza niliyoyafanya, usinitetee, wala usimwambie kwamba mdogo wako hakukusudia. Na habari ya kuhamia kwako muulize upya, kama vile hamjawahi kuizungumza, umwache ajibu, hata akichukua muda. Maboksi Shangazi anayafungua, amenitumia ujumbe niende nikachukue kamba zangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Shemeji unaweza kumsomea barua hii, sina tena cha kulinda. Ukikasirika nipigie unitukane, nitapokea, na safari hii sitakuuliza habari za baridi.

Ni mimi mdogo wako, anayekuomba radhi,

Fundi